Kabla ya Kufomati

Mhadhara uliotolewa Gatitu, Nyeri



Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta zinazotumia Linux na jinsi ya kuzitibu zinapougua. Nitaanza na tumbili.

Tarehe 7 Juni 2016, saa 5:29 asubuhi, stima ilipotea Kenya nzima. Siku kama hiyo kila mtu hutafuta kosa pale alipo. Mmoja hukagua fyuzi, mwingine hutazama kama tokeni zimeisha, wa tatu humshuku jirani aliyejiunganishia waya usiku. Baadaye kampuni ya KenGen ikaeleza yaliyotokea. Tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, transfoma ikajikata. Mashine zilizobaki zikajikuta zimebeba mzigo usio wao, nazo zikajikata. Megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi ikawa giza. Tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Gitaru iko katika mto Tana, na sehemu ya maji yanayozungusha mitambo yake hutoka huku kwetu, Chania na Sagana, kwa hiyo kesi hii inatuhusu pia kijiografia.

Wamarekani wana nondo wao. Mwaka 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mafundi wa kompyuta iliyoitwa Mark II walimtoa nondo ndani ya mashine yao, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba wamempata mdudu, kwa Kiingereza bug, neno linalomaanisha pia hitilafu. Tumbili wetu ni mkubwa zaidi. Lakini napenda lile daftari: mdudu alibandikwa mahali ambapo kila kitu kiliandikwa.

Mtu aliyekuwa gizani Mombasa siku ile ya tumbili aliliona tukio la mwisho. Kosa la kwanza lilikuwa mbali naye, na lilikuwa dogo. Angeweza kubadilisha balbu zote za nyumba yake na bado akalala gizani. Sasa niwaulize mafundi wenzangu, na najiuliza mimi kwanza: ni mara ngapi tumebadilisha balbu?

Jina letu la kubadilisha balbu ni kufomati. Mteja anakuja, anasema mashine imekataa. Fundi anaiwasha, anaona haieleweki, anauliza kama kuna kitu cha muhimu ndani, mteja anasema hapana kwa kuwa hajui maana ya swali, na baada ya saa moja mashine iko safi kama ilivyotoka kiwandani. Tabia hii tuliirithi kutoka enzi za virusi vya flashi, mashine ilipokuwa imeoza mahali pengi hata kuitafutia kosa moja kulikuwa kupoteza mchana. Enzi hizo zilikuwa na sababu zake. Tumeendelea nayo kwenye mifumo isiyohitaji hivyo.

Nikiri dhambi yangu. Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea laptopu (shuleni tunafundishwa kuiita kipakatalishi, lakini sijapata kumsikia mteja akiniletea kipakatalishi). Ilikuwa na Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Anaandika nywila, skrini inawaka kidogo, kisha inamrudisha palepale pa kuandika nywila. Nywila ni sahihi. Akikosea inamwambia amekosea, asipokosea inamrudisha kimyakimya. Nikafomati. Alinilipa, akanishukuru, akaondoka. Jumatatu akarudi kuuliza folda ya alama za wanafunzi iko wapi. Alama za muhula mzima. Nilimtazama nikakosa neno.

Ugonjwa ule sasa naujua vizuri. Diski ilikuwa imejaa. Mfumo unapomwingiza mtu huhitaji kuandika vifaili vidogo kwenye folda yake. Pakikosa nafasi hata ya hivyo, kikao kinakufa na mtu anatupwa nje. Ningebonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja ningepata skrini nyeusi ya maandishi, ambayo haihitaji madoido yote yale. Ningeingia kwa jina na nywila ileile, nikaandika `df -h`, amri ya kuangalia nafasi ya diski, na mstari mmoja ungenionyesha asilimia 100. Ningefuta filamu mbili tatu, nikawasha upya, na mwalimu angekwenda na alama zake. Ni kazi ya dakika kumi.

Hii ndiyo hoja yangu leo, na sina nyingine: mashine za ukoo huu huandika kila linalozipata, na sisi tunafuta daftari kabla ya kulisoma.

Nasema ukoo kwa sababu ni ukoo kweli. Babu ni Unix, iliyoanza 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Waliijenga kwa programu ndogondogo, kila moja na kazi yake, zinazopeana matokeo kwa maandishi ya kawaida. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaandika kiini kipya cha mfumo (kernel) kwa mfano huo, ndiyo Linux. Ubuntu ilikuja Oktoba 2004, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, ungeweza kuagiza sidii yake ikaletwa kwa posta bila malipo. Wapo humu walioanzia hapo. Na kama mnadhani habari hii ni ya wataalamu tu, toeni simu mfukoni: kila simu ya Android inaendeshwa na kiini cha Linux.

Linux sasa inaingia Nyeri kwa mlango mwingine. Mashine nyingi tunazotumia ni za mitumba, ex-UK, zimepitia Luthuli Avenue, Nairobi, kabla ya kupanda matatu kuja huku. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na nyingi ya mashine hizi zimekataliwa na Windows 11 kwa umri wa vipande vyake. Zingali na nguvu. Mwenye saiba anayetaka kufungulia wateja tovuti ya serikali ya eCitizen na kuchapisha fomu za kodi za KRA hahitaji zaidi ya hizo. Kwa hiyo anaweka Linux, na siku inapoleta shida anampelekea fundi ambaye dawa yake ni moja.

Hapa Gatitu najua naongea na watu wa kahawa. Unapopeleka kahawa kiwandani, karani anapima, anaandika kilo kwenye kitabu na kwenye kadi yako. Malipo yakija pungufu huanzi kwa kung'oa mizani. Unakwenda kwenye kitabu, unatafuta siku ambayo hesabu ya kiwanda na ya kadi yako zilianza kutofautiana. Siku ile ya kwanza. Zilizofuata ni matokeo tu. Linux ina karani wa namna hiyo. Daftari lake hufunguliwa kwa amri `journalctl`. Ukiandika `journalctl -b -1` unasoma yaliyotokea mara iliyopita mashine ilipowashwa, pamoja na ya mwisho yaliyowahi kuandikwa kabla haijazima ghafla. Ukiongeza `-p err` unaonyeshwa makosa peke yake. Kiini nacho kina sauti yake, `dmesg`, ambako utasikia habari za vyuma: diski, USB, kumbukumbu, joto. Madaftari ya zamani hukaa kwenye folda ya `/var/log`.

Ukisoma, pinga tamaa ya kuanzia chini. Mstari wa mwisho ndio unaopiga kelele zaidi, na mara nyingi ni Mombasa gizani. Panda juu mpaka pale mambo yalipokuwa sawa, kisha shuka taratibu. Mstari wa kwanza ulioharibika ndio tumbili.

Niwaonyeshe kesi moja kwa utulivu, maana nimeipenda kuliko zote.

Msichana wa mwaka wa pili chuoni alikuja na laptopu ya mitumba. Alikuwa ameiacha nyumbani tangu Aprili, akaichukua Septemba. Hosteli ilikuwa na WiFi, na WiFi ilishika vizuri, lakini tovuti nyingine zilifunguka na nyingine zikakataa. Fundi wa kwanza akasema kadi ya WiFi imechoka, akaibadilisha. Hakuna kilichobadilika, isipokuwa pesa. Fundi wa pili akafomati kwa flashi iliyokuwa na toleo la Ubuntu la Aprili 2022. Sasa karibu kila tovuti ikakataa. Alipofika kwangu alikuwa ameshaambiwa anunue mashine nyingine.

Ni jambo la ajabu, sivyo? Umeifomati na imezidi kuugua. Hapo tu pana habari: kosa haliko kwenye kile kilichofutwa. Nikamwomba anisimulie tangu siku ya kwanza, naye akanitajia lile ambalo mafundi wawili walilipita: nyingine zilifunguka, nyingine zikakataa. WiFi mbovu haichagui hivyo.

Nikaandika `date`. Mashine ikajibu kwamba tuko 2022.

Sasa tufuate nyayo. Kwenye bodi ya kompyuta kuna betri ndogo mfano wa sarafu, mara nyingi CR2032, inayoitunza saa mashine ikiwa imezimwa. Yake ilikuwa imekufa. Betri kubwa nayo ilishakufa zamani, laptopu ilitumika kwa waya tu. Ikichomolewa, saa inarudi mwaka wa mbali ambao kiwanda kiliuchagua. Linux ikiwaka na kuuona mwaka huo haiuamini; hushika muda wa mwisho iliouhifadhi yenyewe. Kwa hiyo mwezi ule wa Septemba mashine ilidhani bado ni Aprili. Tovuti nazo huonyesha cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Zipo zinazopata cheti kipya kila baada ya miezi miwili au mitatu, na zipo zenye cheti cha miezi mingi zaidi. Kwa mashine iliyokwama Aprili, cheti kilichoanza Julai ni cheti ambacho hakijazaliwa, ikakikataa. Cheti cha Februari ikakikubali. Hiyo ndiyo sababu ya kufunguka nusu. Fundi wa pili alipoweka toleo la 2022 alifuta ule muda uliohifadhiwa, saa ikarudi nyuma miaka, na karibu vyeti vyote vikawa vya kesho.

Mtauliza, je, kompyuta si hujirekebisha saa kwenye mtandao? Hujirekebisha. Lakini ruta ya hosteli ilikuwa imefungwa kila mlango isipokuwa wa kurasa za wavuti, na saa hupita mlango wake, nambari 123. Betri peke yake isingetosha kuleta maafa haya, ruta peke yake isingetosha, zilikutana. Nilichomeka simu yangu kwa waya wa USB, nikampa intaneti ya bando langu, na chini ya dakika moja `date` ikasema kweli. Tovuti zote zikafunguka, bila kugusa kitu kingine. Tukanunua betri mpya, ambayo bei yake haikufika hata robo ya alichowalipa wale wawili.

Kilichoniuma ni hiki. Ule ukurasa mwekundu wa kivinjari, uliotisha kila mtu, ulikuwa umeandika wazi kwamba saa ya kompyuta iko nyuma. Uliandika kwa Kiingereza, kwa herufi za kawaida. Watu watatu waliona rangi, hakuna aliyesoma.

(Ukoo huu huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mashine zinazoihifadhi hesabu hiyo kwa biti 32 zitafika mwisho wa namba tarehe 19 Januari 2038. Ziko nyingi ndani ya vifaa ambavyo hakuna anayeviita kompyuta. Vijana, hiyo ni kazi yenu.)

Upande wa vyuma nitasema kidogo, maana muda unakimbia. Mashine ikiganda mara kwa mara, na `dmesg` ikijaa malalamiko ya kushindwa kusoma diski, usikimbilie kununua diski. Diski hujiwekea rekodi ya afya yake, nayo husomwa kwa programu iitwayo `smartctl`. Tazama mistari mitatu. Nambari 5 huhesabu sehemu za diski zilizokufa zikabadilishwa na za akiba. Nambari 197 huhesabu zile zinazosubiri hukumu. Hizo zikipanda, diski inakwenda, na kazi yako ya kwanza ni kunakili data. Usiiendeshee `fsck` kwanza, kwa maana `fsck` hurekebisha kwa kuandika, na kuiandikia diski inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo mlimani. Lakini kama 5 na 197 zimetulia na inayopanda ni 199, shida mara nyingi ni ya mawasiliano: waya kati ya diski na bodi umelegea au umeharibika. Uchomoe, uusafishe, uurudishe, au ununue mwingine. Nimeona diski nzima zikitupwa kwa kosa la waya.

Kumbukumbu nazo, ile RAM, husumbuliwa na vumbi na unyevu wa baridi yetu ya Julai. Kifutio cha penseli kwenye meno yake ya dhahabu si ushirikina, kinasaidia kweli. Ukishamaliza, acha programu ya kupima RAM, memtest86+, izunguke usiku kucha kabla ya kuapa kwamba imepona. Na stima ikikatika ghafla, msiogope sana: mfumo wa faili wa ext4 huandika nia yake kabla ya kutenda, kwa hiyo ukiwaka tena hujua ulipoishia.

Kuna wakati tumbili hayuko kwako kabisa. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa ikawa haipatikani, na nina hakika kompyuta nyingi zisizo na kosa ziliwashwa na kuzimwa siku hizo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, intaneti ya Afrika Mashariki ikachechemea. Kabla ya kufungua skrubu, pima hatua kwa hatua kwa `ping`: ruta ya chumbani inajibu? Anwani ya nje kwa namba inajibu? Kwa jina je? Namba ikijibu na jina lisijibu, shida iko kwenye anayetafsiri majina. Ruta ikijibu na vya nje vyote vikinyamaza, mpigie anayekuuzia intaneti, kisha unywe chai.

Sasa lugha. Mteja husema "imekataa". Ni neno zuri, lina hisia, ila halimsaidii fundi. Imekataa ukiwa unafanya nini? Iliandika nini? Jana ilikubali? Kati ya jana na leo nani aligusa nini? Simlaumu mteja, kwa kuwa mashine inamwandikia Kiingereza cha mafundi, kikavu hata kwa Mwingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kazi ile ilihitaji watu waketi na kukubaliana neno kwa neno. Ingeendelezwa kwa bidii ileile hadi kwenye ujumbe wa makosa, yule msichana angesoma "saa ya kompyuta iko nyuma" na asingenihitaji. Mpaka hapo, piga picha ya skrini kwa simu. Picha ya maandishi kama yalivyo inashinda maelezo ya nusu saa.

Na mafundi, tuseme ukweli wa mfukoni. Tunafomati kwa kuwa kufomati kunaonekana. Mteja anaona asilimia zikipanda, anaona sura mpya, analipa. Kusoma daftari dakika arobaini kisha kuandika amri moja hakuonekani, na mteja hunung'unika: umebonyeza tu! Ninachofanya siku hizi ni kutoza ada ya uchunguzi kivyake, ndogo, na kumwandikia mteja kwenye karatasi nilichokikuta. Wengine wamenikimbia. Waliobaki hawajapoteza faili.

Hatuna kisingizio cha umbali. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hati yake Desemba 2012, kiko jirani yetu, na ndani ya eneo lake kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayotengeneza vipande vya semikondakta. Chipu zinatengenezwa hapa Nyeri. Sisi tunaogopa kufungua kifuniko.

Wale mlioleta mashine zenu, meza iko kushoto. Msiniambie kwamba imekataa. Chukueni karatasi pale kwa katibu, andikeni kitu cha kwanza mlichokiona kikienda kombo na siku mliyokiona, kisha mje kwangu na karatasi hiyo. Na yeyote mwenye flashi ya kufomatia, naomba aiache mfukoni mpaka saa kumi.